Nilikuja kucheza, nikabaki kusoma: uzoefu wangu na kundi la hadithi za uhusika mtandaoni

Kila ninapomwambia mtu kwamba nimo kwenye mchezo wa uhusika, swali la kwanza huwa "mnashindaje?" Hakuna anayeshinda. Kila mmoja anachukua mhusika wake, anaandika huyo mhusika anafanya nini na anasema nini, anamwachia mwenzake zamu, na hadithi inakwenda hivyo hivyo mpaka iishe au iwafie mikononi. Nimekaa humo muda wa kutosha kuona hadithi zikizaliwa na nyingine zikizikwa bila matanga, na maoni yangu ni haya: kucheza kwake ni kuzuri kiasi, lakini raha ya kusoma niliyoipata mle sijaipata kwingine mtandaoni kwa Kiswahili. Anayejiunga ili acheze tu, asome zamu zake na kuruka za wenzake, atachoka mapema na ataondoka akilalamika.

Jina la kundi silitaji kwa sababu wenyewe wanaingiza watu kwa mwaliko. Lipo Discord, programu ya makundi ya mazungumzo, na lina tawi Telegram kwa wale ambao simu zao hazibebi programu nzito. Kuna watu wa Mombasa, Dar, Pemba, Bukoba, Goma, na wachache walioko Uarabuni kikazi ambao huandika usiku wa manane wakitoka kazini. Wa Mwanza tupo, na tunajulikana kwa kulazimisha kila hadithi iwe na jiwe kubwa mahali fulani.

Mchezo wenyewe una ukoo. Dungeons & Dragons ilitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, na huo ulikuwa wa kukaa mezani na kete mkononi. Mwaka 1978 Roy Trubshaw, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Essex kule Uingereza, akaanza kuunda MUD, ambayo Richard Bartle aliiendeleza: watu wengi ndani ya dunia moja ya kompyuta, kila kitu kwa maandishi, picha hakuna. Tunachofanya sisi ni mjukuu wa hao wawili, ila huyu amelelewa na bibi anayeanza kwa "paukwa".

Kuingia kunahitaji fomu ya mhusika. Inauliza jina, umri, kazi, anachotaka, anachoogopa, na jambo moja analowaficha wengine. Hilo la mwisho ndilo wanaloliangalia sana. Wageni wengi huleta mtoto wa mfalme, yatima, mwenye nguvu tisa na kovu usoni, na admini huirudisha fomu kwa upole: mpunguzie nguvu nane, mwongezee deni. Mimi nilileta Nyamizi, mchuuzi wa dagaa wa Mwaloni Kirumba, kijumbe wa mchezo wa upatu ambaye pesa ya wenzake ameshaila. Fomu ikapita bila swali. Kwa nini ipite? Kwa sababu mtu wa namna hiyo hata ukimwacha amekaa tu, hadithi itamfuata alipo.

Sheria ni chache na zinasimamiwa kweli. Iliyo kubwa: usimwendeshe mhusika wa mwenzako. Unaruhusiwa kuandika kwamba Nyamizi ameinua kisu. Huruhusiwi kuandika kwamba kisu kimempata mtu, maana kupatwa au kukwepa ni uamuzi wa mwenye mhusika, au wa kete. Kete yetu ina pande 20 na inarushwa na programu mle mle, kwa hiyo hakuna wa kuchakachua. Kila upande una nafasi ya asilimia 5. Ikitoka 20 watu wanashangilia, lakini ikitoka 1 ndipo hadithi inaponoga. Ukitaka kusema kitu nje ya hadithi, unakiweka ndani ya mabano mawili ili kisichanganywe na maneno ya mhusika. Nayo Discord, kwa asiyelipia, haipokei ujumbe unaozidi herufi 2,000. Wapo wanaokichukia kikomo hicho. Mimi nimeona waandishi wakinyooka kwa sababu yake, maana mtu aliyezoea kueleza jua linavyochwa kwa aya tatu analazimika kuchagua: jua au mhusika.

Sasa nije kwenye kusoma.

Hadithi ikiisha haiachwi ikaelea kwenye chaneli. Kuna kina dada wawili na mzee mmoja wa Tanga wanaozichukua, wanatoa soga, wanasahihisha herufi, wanagawa sura, kisha wanaziweka kwenye chaneli ya maktaba kama faili la PDF. Hapo wanaanza wasomaji. Na wasomaji wa humu hawaandiki "safi sana, endelea". Wanauliza. Wanabisha. Wanakukumbusha kwamba yule mtoto uliyemwacha kwa jirani sura ya pili hujamfuata mpaka leo.

Na hawasubiri hata hadithi iishe. Kuna moja ilikuwa inaandikwa, mambo ya kisiwani, Ukerewe bila kutajwa jina. Kijana mmoja wa Dar, mwandishi mzuri kwa kweli, akaandika mitumbwi ya dagaa ikiondoka ufukweni usiku, mwezi mpevu ukiwaka juu ya maji, karabai zikiwashwa moja baada ya nyingine. Kwa masikio ni tamu. Mwenzetu mmoja wa Nansio, huko huko Ukerewe, akaingia na mabano yake mawili:

((Kaka, pole na kazi. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawaifuati taa, maji yote yana mwanga. Siku hizo wavuvi wanalala nyumbani, wanashona nyavu. Halafu karabai siku hizi zimepungua, watu wana taa za sola. Ama utoe mwezi, ama utoe dagaa.))

Mwandishi mwingine angenuna au angefuta kimya kimya. Yule kijana alikaa siku nzima bila kujibu, kisha akarudi na zamu mpya. Hakutoa mwezi wala dagaa. Alimleta mzee mmoja ufukweni, amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, anaitazama ile mitumbwi ikienda, halafu anamuuliza mjukuu wake: "Hawa wamekwenda kuvua nini usiku wa leo?" Basi. Kwa swali hilo hadithi nzima ikageuka kuwa ya magendo. Zile taa hazikuwa za dagaa. Sisi wengine tulilazimika kurudi kusoma tangu mwanzo, na kila mhusika tuliyemdhania mvuvi tukaanza kumtilia shaka. Nyamizi wangu, aliyekuwa akinunua mzigo kutoka kwa watu hao, akajikuta ameingizwa kwenye jambo ambalo mimi mwenyewe sikulipanga.

Ndiyo maana nasema kusoma kumezidi kucheza. Zamu iliyoibeba ile hadithi ilitokana na msomaji, tena ambaye hakuwa hata na mhusika ndani yake.

Si kila mara kusomwa kunaleta kicheko. Hadithi nyingine ilifika mahali ambapo kivuko kinazama. Aliyeiandika hakuwa wa ziwani, naye aliandika kwa ufundi: kelele, watu wakikimbilia upande mmoja, viatu vikielea. Kwa mtu wa mbali ni tukio la kusisimua. Kwa mtu wa Mwanza aliyezaliwa kabla ya Mei 21, 1996, siku MV Bukoba ilipozama ikija huku na kuua mamia ya watu, si tukio la kusisimua hata kidogo. Makaburi yao yapo Igoma, watu wanayapita kila siku kwenda kazini. Na Septemba 20, 2018 MV Nyerere ikapinduka karibu na gati ya kisiwa cha Ukara, watu zaidi ya 200 wakafa huku ufuko ukionekana. Mwenzetu wa Pemba naye akaandika kwamba kwao ni Septemba 10, 2011, MV Spice Islander, na kwamba yeye sura hiyo hawezi kuimaliza.

Kwenye michezo ya mezani kuna utaratibu wa kadi yenye X: mtu akiigusa, tukio linaachwa na haulizwi sababu. Kwetu tunaandika neno "kata". Liliandikwa na watu watatu. Nilitegemea mabishano ya uhuru wa mwandishi, na yalikuwepo kidogo, lakini mwandishi mwenyewe aliyamaliza. Aliomba wale waliotaka, wamwambie nini hasa kisiandikwe. Jibu lililokuja halikuwa "usizamishe meli". Lilikuwa: usituandikie mule ndani ya meli, tuandikie gatini. Akaandika upya. Kivuko hakionekani kabisa katika sura ile. Kuna watu gatini wanaosubiri, mama mwenye sahani ya wali uliofunikwa kwa kitambaa, na mhudumu wa tiketi anayeendelea kuwaambia kwamba kinachelewa tu. Nilisoma nikiwa kwenye kiti cha dukani, mteja akanisubiri.

Duka lenyewe ni stationeri, Nyegezi, jirani na wanafunzi wa SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Kuchapa, kutoa fotokopi, kubandika lamineti, na msimu wa tasnifu kulala saa nane. Nalitaja kwa sababu ndiyo njia niliyoitumia kushirikisha hizi hadithi watu wasio na intaneti, na naona ni sehemu ya huduma ambayo kundi lenyewe halijaifikiria vya kutosha.

Shangazi yangu yuko Sengerema. Simu yake ni kitochi na hataki nyingine. Lakini ni msomaji; tangu utoto namkumbuka akisoma hata gazeti lililofungiwa maandazi. Nikaomba ruhusa ya waandishi, nikachapa ile ya magendo, karatasi pande zote mbili, nikaibana kwa stepla, nikamkabidhi kondakta stendi ya Nyegezi. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 mzigo wa Sengerema haukai ukisubiri kivuko. Baada ya siku kadhaa nikapigiwa.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Huyu mzee wa ufukweni tangu asubuhi hajanywa hata uji, mnamtaka afe?"

Nilidhani anatania. Karatasi ziliporudi zilikuwa zimejaa biro pembezoni. Alikuwa amehesabu siku za hadithi akakuta Jumatano mbili zimefuatana. Alikuwa ameandika "mwongo" kando ya kila kauli ya mhusika mmoja, na kweli huyo ndiye aliyekuja kufichuka mwishoni. Shangazi alimkamata sura ya tatu. Mahali Nyamizi anapowaomba radhi wanachama wa upatu, ameandika: "Mbona hawajamtukana? Hela ililiwa hapa au haikuliwa?"

Nilipiga picha kurasa zile, nikaziweka kwenye chaneli ya maktaba. Siku hizi watu wanaandika kisha wanauliza "msomaji wa Sengerema amesemaje?" Ile Jumatano imerekebishwa, mzee amepewa uji, na mimi nimeandika upya ile sehemu ya upatu: Nyamizi anatukanwa kurasa mbili nzima, na imekuwa sehemu inayosomwa kwa sauti kuliko zote nilizowahi kuandika. Ningependa kundi liwe na utaratibu rasmi wa nakala za kuchapwa, ziwe na nafasi pana pembezoni kwa ajili ya biro. Nimependekeza. Wanasema wanajadili, na kwa kundi la watu wanaopenda maneno, kujadili kunaweza kuchukua mwaka.

Hilo la ruhusa nililigusa juu juu, nilirudie. Hadithi ya watu sita ni mali ya watu sita. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na maandishi ya mtandaoni si pori la kila mwenye panga. Hata hivyo kuna mtu alikopi hadithi yetu moja nzima, akaipesti kwenye ukurasa wake kwa vipande, kila siku kipande, jina lake juu. Tulimwandikia. Akajibu kwamba ameitoa mtandaoni kwa hiyo ni ya wote. Mwishowe aliishusha, baada ya wasomaji wake wenyewe kumuuliza kwa nini mtindo unabadilika kila aya, jambo ambalo hakuwa na la kulijibu kwa sababu hakujua kwamba kila aya ilikuwa ya mtu mwingine. Tangu hapo kila faili la maktaba lina ukurasa wa mbele wenye majina ya kalamu ya walioandika, na namna ya kuomba.

Kasoro sasa, maana zipo.

Kubwa ni watu kupotea. Mtu anaanzisha jambo kubwa, anamwacha mhusika wake mlangoni na bunduki, kisha kimya. Mtihani, msiba, kazi mpya, sielewi. Kuna kanuni kwamba asiyeandika kwa wiki mbili mhusika wake anasafirishwa. Kwa hiyo hadithi zetu zina watu wengi ajabu walioitwa ghafla Shinyanga kwa matatizo ya kifamilia. Ni suluhisho, ila msomaji anaona mshono.

Ya pili ni akili bandia. Wapo wanaoingiza zamu zilizoandikwa na mashine. Unazijua mapema: kila mhusika anashusha pumzi, upepo unabeba siri, na hakuna hata mmoja anayedaiwa kodi ya nyumba. Kundi limekataza, na kusimamia ni kazi ngumu, maana mwandishi mchanga naye huandika upepo unaobeba siri. Njia wanayotumia naipenda: hawakutuhumu, wanakuuliza swali kuhusu mhusika wako. Anakula nini asubuhi? Nani alimfundisha kuendesha? Mwenye mhusika wake hujibu papo hapo, tena kwa kukuchosha.

Kwa wanawake wenzangu niseme la inboksi. Kundi ni la watu wa miaka 18 na kuendelea, na kanuni ni kwamba humfuati mtu inboksi bila kumuomba mbele za watu kwanza. Kuna mmoja ambaye mhusika wake alimchumbia mhusika wangu, akaona na yeye aje aniendelezee uchumba pembeni. Niliripoti na jioni ile ile alikuwa nje. Hadithi za mapenzi zipo na watu wanaziandika vizuri, ila zikifika chumbani pazia linafungwa, tunaamkia asubuhi. Mimi utaratibu huo umenitosha. Anayetaka zaidi ya hapo atafute kwingine.

Bando: maandishi hayali. Kiswahili hakina herufi zenye alama juu, kila herufi ni baiti moja, kwa hiyo ujumbe wa herufi 2,000 ni kama kilobaiti mbili, na megabaiti moja ya maandishi matupu inabeba mijumbe kama 500 ya urefu huo. Kinachomaliza bando ni picha za wahusika na sauti ambazo watu wanarusha. Zima upakuaji wa picha wa moja kwa moja kwenye mpangilio, utasoma wiki nzima kwa bando la kawaida. Umeme ukikatika, faili la PDF ulilokwisha kulishusha linasomeka bila mtandao. Kutafuta hadithi ya zamani ndiko kunakochosha. Maktaba haijapangwa kwa mada wala kwa ukubwa, na majina ya hadithi yanafanana mno. Kuna tatu zinazoitwa kisiwa cha kitu fulani.

Kiswahili cha humo ni mchanganyiko wa kila pwani na kila bara, na mwanzoni utajikwaa. Wa Mombasa na Pemba wana mwendo wao wa sentensi, wa Goma wana wao, sisi wa Kanda ya Ziwa tunajulikana tulipo. Hakuna anayesahihishwa lahaja yake, isipokuwa mhusika wa Lamu akianza kuzungumza kama konda wa stendi ya Buzuruga, Mwanza. Hapo mabano mawili yanafunguka yenyewe.

Nyota nne kati ya tano. Ile ya tano naishikilia mpaka maktaba ipangwe. Ukiwa na haraka, au ukitaka mchezo wa pointi na kushinda, si mahali pako. Ukiwa mtu wa kuuliza "sasa ikawaje?" hata baada ya msimuliaji kunyamaza, omba mwaliko kwa mwanachama unayemjua, na kabla ya kujaza fomu soma walau hadithi mbili za maktaba, kwa sababu admini watakuuliza umezionaje na hawaridhiki na "nzuri". Hadithi inayoandikwa sasa ina boti ya magendo ambayo injini yake imezimika katikati ya ziwa, na kati ya sisi wote walioimo hakuna anayejua injini ya boti inafunguliwaje. Tumekwama hapo tangu juzi. Fundi yeyote wa Mwaloni mwenye subira ya kuandika atapokelewa hata bila mhusika.